Mtu Mzima Mgongoni: Maswali ya Kubebesha Miti ya Matunda Pemba

Nyuma ya jiko la nyumba nyingi za Pemba kuna mche wa mwembe ambao hakuna aliyeupanda. Mtu alikula embe, akatupa kokwa penye majivu na taka, mvua za masika zikafanya yaliyobaki. Watu wengi wanaouliza habari za kubebesha huanza kwa kuulizia mche wa kununua, na hali nusu ya mche huo wanayo tayari uani na wameufungia mbuzi. Nusu ya pili ipo kwa jirani, juu ya ule mwembe ambao kila mtoto wa mtaa anaujua kwa kuupiga mawe.

Haya ni maswali yanayorudi mara kwa mara, na majibu yake kwa kadiri mtu anavyoweza kuyafanya nyumbani, kwa kisu kikali na subira.

Kubebesha ni kufanya nini hasa?

Neno ni lile lile la mama na mbeleko. Unakata kijiti kwenye mti ambao matunda yake unayapenda, unakifunga juu ya mche mwingine wenye mizizi yake, na mche huo unakibeba mpaka vishikane viwe kitu kimoja. Kijiti hicho huitwa kikonyo. Mpemba akilisikia neno hilo hukumbuka makonyo, vile vijiti vya karafuu vinavyopelekwa kiwanda cha Wawi kutolewa mafuta, na hakosei sana. Mche wa chini wataalamu huuita shina. Mimi nitauita mgongo, maana ndiyo kazi yake.

Paruza gome la mche mbichi kwa ukucha. Chini yake utaona utando wa kijani unaoteleza. Hapo, baina ya gome na mti wenyewe, pana tabaka jembamba mno ambalo ndilo linalounenepesha mti. Tabaka la kikonyo likigusana na tabaka la mgongo, vidonda viwili hivyo huota nyama changa, nyama hizo zikakutana, maji yakaanza kupanda. Yasipogusana, hata ukifunga kwa mnyororo huna kitu. Mnazi, mtende na mgomba haina tabaka hilo, kwa hiyo usihangaike nayo.

Kikishashika, kila kinachoota juu ya kiungo ni cha kikonyo, na kila kinachoota chini yake ni cha mgongo. Hawachanganyiki. Boribo litabaki boribo, hata likibebwa na mwembe wa kienyeji wenye nyuzi kama kamba ya makumbi.

Kwa nini nisipande kokwa tu, kama walivyofanya wazee?

Wazee walifanya hivyo na walikula embe nzuri, na ipo sababu. Embe nyingi za mwambao wetu zina tabia ya kokwa moja kutoa miche miwili, mitatu au zaidi, na kwa kawaida mmoja tu kati yao ndio mtoto wa baba na mama. Iliyobaki ni nakala ya mama mtupu. Ukipanda kokwa ya aina hiyo una nafasi nzuri ya kupata embe ile ile. Lakini embe zilizokuja baadaye kutoka nje, kama Tommy Atkins na Kent, hutoa mche mmoja kwa kokwa, na mche huo unaweza kuwa chochote.

Halafu kuna umri. Mwembe wa kokwa unaweza kukuweka miaka sita, minane, hata zaidi kabla hujaona ua. Wa kubebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, kwa sababu kikonyo kilikatwa kwenye mti uliokwisha kuzaa, na umri wake kimekuja nao. Umembeba mtu mzima mgongoni.

Kwa shokishoki hoja ni nzito zaidi. Karibu nusu ya miche inayoota kwa mbegu huwa midume: huota vizuri, hutoa maua vizuri, na haizai hata tunda moja mpaka mwisho wa dunia. Kungumanga nayo ni hivyo hivyo, na dume lake hulijui mpaka ipite miaka sita au saba ukilimwagilia maji. Kikonyo cha mti unaozaa kinaondoa kamari hiyo yote.

Je, si ndiyo hii miti ya kubadilishwa vinasaba?

Hapana. Hakuna kilichobadilishwa ndani ya mti. Ni kidonda juu ya kidonda, na watu wamekuwa wakikifanya tangu zamani, kabla hakujawa na maabara duniani.

Mti gani hubebwa na mti gani?

Ndugu kwa ndugu. Embe juu ya embe, parachichi juu ya parachichi. Jamii ya michungwa ina roho nzuri zaidi: chungwa, chenza, ndimu na balungi zote hubebwa na mlimau. Stafeli linaweza kukubali mgongo wa jamaa zake wa matopetope. Mwembe na mkorosho ni wa ukoo mmoja lakini hawaelewani, na embe juu ya fenesi ni hadithi ya barazani.

Mshelisheli hauna haja ya haya: unachimbua kichipukizi kilichoota kwenye mzizi wake, basi. Na wale wanaouliza mikarafuu, hicho ni kisiwa kizima kuuliza, lakini jibu ni fupi. Mkarafuu ni mgumu kubebesha, viungo vyake vingi hufa, na njia ya kawaida imebaki kuotesha mbegu mbichi mara tu zinapoanguka, maana zikikauka zimekufa.

Vikonyo nivitafute wapi?

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na hapa ndipo watu hupita haraka ili wafike kwenye kisu.

Kikonyo ni urithi. Ukichukua kwenye mti mgonjwa utabeba na maradhi yake. Ukichukua kwenye mti unaozaa mwaka mmoja ukapumzika mitatu, hiyo ndiyo tabia utakayoipanda. Basi usiulize tu embe ni tamu kiasi gani. Uliza mti ulizaa mwaka jana? Na juzi? Matunda huanguka yakiwa machanga? Huoza penye kishikio cha tunda? Mwenye mti anayajua yote haya, na ukimwendea kwa adabu atakueleza mpaka mkojo ukubane. "Shikamoo ami. Nimekuja kuomba vijiti viwili vitatu vya boribo lako nikabebeshe." Hakuna aliyenikatalia bado, ingawa wapo walionicheka.

Kwa Pemba nina sababu ya ziada ya kusisitiza mti wa jirani badala ya jina kubwa la dukani. Kisiwa hiki kina mvua nyingi kuliko Unguja, na mwembe hupenda kipindi cha ukavu ili utoe maua yake salama. Mvua ikinyesha juu ya maua, ugonjwa wa chule huyageuza meusi na shada zima hukauka. Mwembe uliosimama Micheweni au Kengeja miaka thelathini na bado unazaa umekwisha kufanya mtihani huo. Mche ulioletwa na sifa za mahali pakavu haujaufanya.

Chagua ncha za matawi yanayopata jua, zenye unene wa penseli, rangi imeshatoka kwenye kijani kichanga lakini bado zinapindika kidogo. Zisiwe na maua wala majani mapya mekundu. Siku saba hadi kumi kabla ya kukata, panda juu ukate majani ya ncha hizo, uache vishikio vyake. Vichipukizi vitaanza kuvimba, na hiyo ndiyo alama: kilichovimba kiko tayari kuamka, kilichofunguka kimeshachelewa. Mwaka wangu wa kwanza niliruka hatua hii kwa uvivu, nikabebesha vikonyo vilivyolala, tena katikati ya mvua za Aprili. Kumi vyote vikaoza.

Kata asubuhi, urefu wa kiganja hivi, sentimita kumi hadi kumi na tano. Vifunge kwenye kitambaa au gazeti lenye unyevu, kisha ndani ya mfuko wa plastiki, uviweke kivulini. Ukivifunika kwa magome mabichi ya mgomba vitasafiri kutoka Mkoani hadi Konde bila kulalamika. Lakini bora uvitumie siku hiyo hiyo.

Na mgongo?

Mche wa kokwa ya embe ya kienyeji, wa miezi sita hadi mwaka, unene wa penseli. Ukiotesha mwenyewe, chukua kokwa mbichi za embe zilizoiva. Zikikaa wiki kadhaa hufa. Lipasue gamba la nje kwa uangalifu utoe mbegu, uilaze kwenye kiriba mgongo wake uliobinuka ukiwa juu. Kiriba kisipatikane, pakiti ya unga au chupa kubwa ya maji iliyokatwa shingo na kutobolewa chini hufaa. Udongo wa juu wa kichakani, samadi ya mbuzi iliyooza, na mchanga kidogo usio wa baharini.

Na ule mche nyuma ya jiko? Mfungue mbuzi kwanza. Unaweza kuubebesha pale pale ulipoota.

Siku yenyewe nafanyaje?

Kisu kiwe kikali kiasi cha kunyoa nywele za mkono, au tumia wembe mpya. Kifute kwa spiriti au ukipitishe kwenye moto kila unapohama mti. Utomvu wa embe huunguza ngozi, basi weka maji na sabuni karibu, na watoto mbali.

Kata kichwa cha mche kwa usawa, kiasi cha sentimita ishirini hadi ishirini na tano kutoka udongoni, ukiacha majani machache chini ya mkato kama yapo. Pasua katikati kwenda chini, urefu wa sentimita tatu au nne. Sasa chukua kikonyo cha unene ule ule, uchonge mwisho wake pande mbili uwe kama kabari, urefu sawa na mpasuo. Chonga kila upande kwa mkupuo mmoja. Kisu kinachorudi mara mbili huacha mawimbi, na kwenye mawimbi hayo pana hewa. Usiguse mkato kwa vidole, usiupulizie, usiuweke chini. Penyeza kabari mpaka ijae. Kikonyo kikiwa chembamba kuliko mgongo, kisogeze upande mmoja ili gome likutane na gome upande huo. Upande mmoja uliogusana unatosha kabisa, na pande mbili zilizokosana hazifai kitu. Mwanzo watu wengi hukiweka katikati ili kipendeze.

Funga kwa utepe wa plastiki uliokatwa kwenye mfuko laini, kutoka chini kwenda juu, kwa kuvuta, ili maji ya mvua yateremke juu ya mizunguko yasiingie. Halafu kivike kikonyo kizima kifuko chembamba cha plastiki, vile vya kugandishia barafu na malai, ukifunge chini ya kiungo. Ndani mwake kutakuwa na jasho, na jasho hilo ndilo linalokiweka kikonyo hai wakati bado hakijapata maji ya mgongo.

Weka kivulini, chini ya mti au banda la makuti yaliyopangwa kwa kuachana. Mwagilia udongo, si kiungo. Usifungue kuchungulia. Ndani ya wiki tatu hadi nne, kikonyo kilichoshika kitatoa majani madogo yanayosukuma kifuko. Toa kifuko jioni, si mchana. Kilichokufa kitakuwa cheusi. Utepe uache mpaka miezi miwili au mitatu, kisha uupasue kabla haujaukaba mti shingo. Na kila chipukizi kinachotoka chini ya kiungo, king'oe bila huruma.

Kwa mkono wa kwanza, ukipata mitatu kati ya kumi usijione umeshindwa.

Mchungwa nao hufanywa hivyo?

Unaweza, lakini kawaida yake ni kubebesha jicho moja tu badala ya kijiti. Unachanja gome la mlimau mchanga alama ya T, unalifungua kama kola ya kanzu, unatelezesha ndani jicho la mchungwa lililokatwa na kipande cha gome lake, pamoja na kishikio kifupi cha jani, kisha unafunga ukiacha jicho nje. Baada ya wiki tatu gusa kishikio hicho kwa kidole. Kikidondoka chenyewe, limeshika. Kikikauka na kung'ang'ania, limekufa, na unaweza kujaribu upande wa pili wa mche ule ule.

Wapo wanaopenda kutumia mdanzi kwa sababu hauogopi kuoza mizizi. Shida yake ni kirusi kinachoenezwa na vidukari, ambacho huua chungwa lililobebwa na danzi. Huko Brazil na Argentina kiliangamiza mamilioni ya michungwa kuanzia miaka ya 1930, na Wabrazil wakakiita *tristeza*, yaani huzuni. Mlimau unakivumilia. Muheza, ng'ambo yetu tu, wanakotoka machungwa mengi, wakulima hutegemea mgongo wa mlimau.

Nilinunua mchenza, sasa unazaa malimau. Nimerogwa?

Hujarogwa. Umeacha chipukizi la mgongo likakua. Mlimau una nguvu kuliko chenza. Ukiuachia tawi moja chini ya kiungo utanyonya maji yote, na baada ya miaka miwili chenza imekufa juu na wewe unamwagilia mlimau. Mimi yalinipata hayo kwa mche niliouzwa ukiwa tayari na chipukizi la chini limefunikwa udongo wa kiriba. Tangu siku ile sinunui mche kabla sijaona kovu la kiungo kwa macho yangu. Ukiupanda, kovu hilo libaki juu ya udongo, kiganja kizima au zaidi.

Kuna mtu analeta miche ya parachichi ya Hass kutoka Bara. Ninunue?

Mimi singenunua. Hass ni mti wa baridi ya milima. Njombe, Rungwe na Kilimanjaro unafurahi. Vilima vya Pemba havizidi sana mita mia moja. Hapa chukua kikonyo cha parachichi la pwani linalozaa kwa jirani yako. Pia mche wowote unaovuka maji kuja Zanzibar unatakiwa uwe na kibali na ukaguliwe, na si urasimu mtupu: maradhi na wadudu wengi wamesafiri ndani ya viriba.

Shamba si langu. Naweza kubebesha?

Swali hili halimo kwenye vijitabu vya kilimo, na Pemba ndilo linalovunja udugu. Kwa mila ya visiwa hivi ardhi ni kitu kimoja na mti ni kitu kingine. Mtu anaweza kumiliki mnazi au mkarafuu uliosimama juu ya ardhi ya mwingine, akaurithisha, akauweka rehani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikawa mali ya serikali, familia nyingi zikagaiwa eka tatu tatu, na kumbukumbu za nani alipanda nini zikabaki vichwani mwa watu. Kwa hiyo mtu atakuazima kiwanja ulime muhogo bila kuuliza mara mbili. Ukichimba shimo la mwembe, atakuja kusimama. Muhogo unang'olewa, mti wa kudumu ni madai.

Kubebesha kunaongeza fundo. Ukiweka kikonyo chako kwenye mche wa mwenzako, wewe unadhani umepata mti, yeye anajua umeubadilisha mti wake. Semeni kabla ya kukata, na makubaliano muandikishane mbele ya sheha, hata kama ni ndugu. Hasa kama ni ndugu. Wakati mnazungumza, mche ukae kwenye kiriba uani kwako, ila usipite mwaka, maana mzizi mkuu utajizungusha ndani kama nyoka na mti hautasimama imara dhidi ya upepo wa kusi.

Mwembe wa marehemu babu umeanguka usiku kwa upepo. Hapakuwa na mwingine kama ule. Ndiyo basi?

Mti wa kwanza wa parachichi la Hass ulipandwa California mwaka 1926, kwenye kiwanja cha mtu wa posta aliyeitwa Rudolph Hass. Ulikufa kwa kuoza mizizi mwaka 2002. Kila Hass linaloliwa leo, Njombe hadi London, limetoka kwenye vikonyo vyake, na vikonyo vya vikonyo vyake.

Kwa hiyo nenda na kisu sasa hivi, kabla jua halijawa kali. Mti ulioanguka haufi siku hiyo hiyo. Anza na matawi ya upande ambao mizizi bado imeshika ardhi, yana maji zaidi. Huna muda wa kusubiri vichipukizi vivimbe, basi chukua vingi kuliko unavyohitaji, vifunge kwenye kitambaa kilicholoweshwa, uviweke ndani ya magome ya mgomba. Halafu pita nyumba kwa nyumba uulize nani ana mche wa mwembe ulioota wenyewe nyuma ya jiko.